Nzuri ya kuangalia

Tangu Ijumaa nina maneno matatu kichwani hayataki kutoka. Nimelala nayo, nimeamka nayo, nimekwenda nayo kazini Nungwi na kurudi nayo Fuoni kwenye daladala. Leo Jumatano nayamwaga hapa, labda yataniacha.

Altezza, gari yangu ya Toyota, mnaijua. Wasomaji wa zamani mnaikumbuka ilipokuwa na injini yake ya kuzaliwa, 1G, silinda sita za mstari mmoja, farasi 160, na mnakumbuka mlivyonisihi niiache kama ilivyo. Sikusikia. Nikanunua nusu ya mbele ya Mark II, Toyota nyingine, iliyobamizwa nyuma, ikaja kwa meli ya mizigo, na ndani yake mlikuwa na injini ya 1JZ, ile ya zamani ya tabo mbili ndogo, yaani pampu za hewa zinazozungushwa na moshi wa injini: cc 2,492, farasi 280 kwa mujibu wa Toyota wenyewe. Kwa kuwa 1G nayo ni sita za mstari mmoja, nilijidanganya kwamba itaingia tu, kama mtu anavyobadilisha mto ndani ya foronya.

Kuingia iliingia. Shida ilianza nilipozitoa tabo mbili ndogo nikaweka moja kubwa. Kwenye 1JZ moshi unatokea upande wa kulia, na usukani wetu uko kulia. Kwa hiyo mahali penyewe ninapotaka kuweka kitu ambacho moshi wake unapita nyuzi 800 ndipo inapopita shafti ya usukani, na juu yake kidogo imekaa masta silinda ya breki, na kikopo cha plastiki cha mafuta ya breki kinakutazama tu. Manifoldi, yale mabomba yanayotoa moshi kwenye injini na kuufikisha kwenye tabo, nimeifanya mara tatu. Ya kwanza iligusa shafti. Ya pili haikugusa kitu, ila boneti haikufunga. Ya tatu ni vipande vya bomba la stenlesi tulivyokata kwa pembe tofauti na kuvipanga kwanza kwa utepe, mie na kijana wa gereji ya Mwanakwerekwe, usiku, mpaka kikapatikana kijia chembamba kinachopita vidole viwili kutoka kwenye shafti. Juu yake nikaweka kinga ya bati la alumini, ile ndogo niliyowaonesha, nimeipinda kwa mkono juu ya kinu cha Mama.

Kinu chenyewe Mama alinipa bila maneno. Maneno yalikuja siku nilipoleta intakula. Alikuwa barazani anashona kofia yake, akaniuliza hilo debe la nini. Nikamwambia ndiyo intakula, Mama. Akasita na sindano hewani. "Itakula nini?" Nikamweleza kwamba tabo ikishindilia hewa, hewa inapata moto, na hewa ya moto ni nyepesi, haina faida kwa injini, basi inapitishwa mle ipoe kwanza. Akasema, "Mie nishajua itakula nini," akarudi kwenye kofia yake.

Betri nimeihamishia buti. Nyaya zote nimezificha nyuma ya mbavu za bodi. Kompresa ya kiyoyozi nimeibakisha, maana fundi wa viyoyozi kuendesha gari ya joto ni aibu. Hosi za maji mpya, za buluu. Ukifungua boneti unaona kichwa cha injini, unaona tabo, unaona bomba la intakula linakuja na kuondoka, basi. Hakuna kinachoning'inia. Nilikuwa nafungua boneti usiku na kurunzi kama mtu anayechungulia mtoto kalala.

Ndipo nikamwita Ami.

Ami kwa wageni: ndugu mdogo wa marehemu baba, amestaafu, maisha yake yote alikuwa fundi wa dizeli za vyombo vya baharini. Miezi kumi na moja alikuwa ananiambia "nitakuja" na hajaja. Neno lake pekee kuhusu gari hii lilikuwa kwamba kisiwa chenyewe urefu wake kilomita 85, "utakwenda mbio wapi, baba? Utatumbukia." Ijumaa baada ya sala akatokea mwenyewe, na kanzu yake nyeupe, ameikusanya mbele kwa mkono mmoja isiguse oili.

Nikafungua boneti. Akanyamaza. Kimya kile kikanipa kiwewe, nikaanza kumsomesha. Wallahi nilimsomesha. Nikamtajia Alfred Büchi, Mswisi, aliyeandikisha uvumbuzi wake mwaka 1905: kwamba moshi unaotupwa bure uzungushe feni, na feni iliyo ncha ya pili ya mti huohuo, yaani shafti, ishindilie hewa ndani ya injini. Nikamwambia hewa hii tunayovuta inatukandamiza paundi 14.7 kwa kila inchi ya mraba, na mie naongeza 10 juu yake. Namwambia nani? Mtu aliyekuwa anafungua na kufunga tabo za meli mie sijazaliwa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Ehee," akasema.

Akaniambia niwashe. Nikawasha. Akainamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza adhana ya mbali. "Zima." Nikazima. Akainama, nikadhani anatafuta kiatu chake. Akainuka, akakung'uta mikono ambayo haikuwa na vumbi.

"Nzuri ya kuangalia."

Akaingia ndani kunywa chai. Akazungumza na Mama juu ya bei ya nguru. Akaaga.

Sasa niambieni, maana nyinyi ni watu wa lugha. Alitua au hakutua? Kama hakutua, basi gari yangu ni mkufu kwenye dirisha la sonara, pambo, miezi kumi na moja na pesa zile zote kwa ajili ya pambo. Kama alitua, "nzuri," halafu "ya kuangalia," basi ameisifu, kisha kanionya kwamba inataka jicho, kama mtoto anayeanza kutambaa. Mkato mmoja tu. Kijana wa gereji alikuwepo na anaapa hakutua. Mke wangu alikuwa dirishani na anasema hakukuwa na "ya", alisema "nzuri kuangalia", halafu anacheka. Nikasema moyoni, angekuwa anamaanisha pambo angesema "ya kuangaliwa". Lakini nani anasema hivyo? Mie mwenyewe nasema picha nzuri ya kuangalia.

Wiki hii mtoto wa dada ameolewa, nimefanywa mkuu wa mafundi hotelini baada ya miaka sita, na upepo umeng'oa mabati mawili ya banda la kuku; hayo siku nyingine. Jumamosi nilikuwa juu ya ngazi, mikono yote miwili ndani ya kiyoyozi cha mgeni, nikajisikia nasema kwa sauti, "Nzuri. Ya kuangalia." Mgeni akajibu asante. Kwenye harusi nilikaa sinia moja na Ami. Nikajaribu kumzungusha: Ami, ile gari… Akanikatia nyama akaniwekea upande wangu. "Kula, baba." Sinia zima nilikuwa natazama mdomo wake kama atatua tena.

Jumapili usiku nikaiwasha nikaiacha iungurume dakika ishirini, nilikuwa sijawahi kuiacha muda wote huo. Taa ya barabarani ikaanza kuonekana ndani ya ukungu. Moshi, wa buluu, unatoka nyuma polepole, na ule uzito wa harufu ya oili inayoungua. Nikazima. Nikamtukana muuza tabo, ambaye yuko mbali na hanisikii. Kijana wa gereji kwa simu akasema ndiyo basi, tabo imekufa, hiyo ishushe.

Sikuishusha. Nililala chini na kurunzi mdomoni. Tabo inaletewa oili kwa msukumo, bomba jembamba. Lakini oili ikishapita kwenye mti haina msukumo tena, inarudi kwenye sampo, lile beseni la oili chini ya injini, kwa uzito wake tu, kama maji ya mvua kwenye mchirizi. Bomba la kurudi liwe nene, na literemke, moja kwa moja ikiwezekana. Hilo nalijua. Najua hata kwamba halitakiwi kulala zaidi ya nyuzi 35 kutoka wima. Nikalifuata langu kwa kidole, gizani, kutoka tumbo la tabo. Likashuka. Likapinda nyuma ya kinga ya alumini. Halafu kidole changu kikapanda.

Kilipanda kidogo tu, upana wa vidole viwili, kikashuka tena. Pale ndipo nilipolipindisha mwenyewe, mwezi wa nne, ili lisionekane ukifungua boneti. Injini ikiunguruma muda mrefu oili inajaa kwenye kile kilima, inarudi tumboni mwa tabo, na pale ndani hakuna mpira wa kuizuia, kuna vipete vyembamba vya chuma tu. Inapita, inaingia kwenye moto.

Nikakumbuka Ami alivyoinama. Viatu vyake alikuwa kavaa.

Saa nne usiku nikampigia. Sikumaliza hata salamu.

"Ami, uliliona lile bomba?"

"Niliona."

"Mbona hukunambia?"

"Nilikwambia."

Nikasubiri aendelee. Nasikia redio yake, nasikia anakohoa. "Kesho nina bomba hapa la boti," akasema. "Usiwashe tena." Akakata.

Jumatatu alikuja bila kanzu. Sikumbuki mara ya mwisho kumuona na shati lile la kazi, kola imekwisha. Alilala chini ya gari, umri wake ule, juu ya boksi la friji, akawa ananyoosha mkono tu kama daktari: spana kumi na mbili, klipu, kitambaa, hicho sicho. Kinga yangu ya alumini akaikata pembe moja bila kuniuliza. Akanambia habari za baba ambazo sijapata kuzisikia: kwamba waliwahi kufungua injini ya dau moja la Pemba wakabakiwa na nati mbili mkononi, na baba akazitupa baharini ili mwenye chombo asizione. Akacheka huko chini peke yake, boksi likawa linatikisika. Tukaiwasha ikaunguruma saa nzima. Tulikaa nyuma yake kwenye ndoo mbili tunaangalia ekzosti, haikutoa kitu.

Bomba sasa linaonekana. Ukifungua boneti ndilo kitu cha kwanza, la mpira mweusi, limekaa kama mguu wa kuku. Sijalifunika na sitalifunika. Mkato sijaujua mpaka leo. Nilimuuliza tena mlangoni wakati anavaa viatu, akasema nimletee ndizi mbichi nikipita.

Ila alipoingia kunywa chai Mama alimpa ile kofia aliyokuwa akishona, aijaribu. Kofia za viua za Mama mnazijua, nimewahi kuweka picha: kila kitundu kimezungushiwa uzi, vimepangana kama vimepigwa rula. Ami akaivaa, akaivua, akaigeuza mkononi, akanipa mimi na hakusema kitu. Safu ya chini ni yake kama siku zote. Safu ya pili kutoka juu vitundu vinapanda, vinashuka, na kimoja hakikuzungushiwa uzi kabisa, yeye kakiruka anadhani kimekwisha. Halafu nikahesabu. Tangu wiki iliyopita ameniita mara tatu nimtungie uzi kwenye sindano, na mara zote tatu nilikuwa na oili mikononi nikamwambia subiri kidogo, Mama. Kesho sina zamu. Nataka nimpeleke macho yakatazamwe, na najua atasema taa ya barazani ndiyo mbovu.