Siku niliyomaliza vita kwa maiki

Julai 2012 waasi wa M23 walipochukua Bunagana, mji wa mpakani upande wa Kongo, watu walivuka mpaka kwa maelfu wakaletwa kambi ya Nyakabande pale Kisoro, Uganda, na mimi nikachukuliwa kutafsiri kwa sababu nimekulia kambi ya jeshi, Kiswahili nilikianza kabla hata ya lugha ya mama yangu. Kiingereza nacho si nimekaa shule? Nikajiona nimefika.

Siku ya tatu hivi tetesi zikaanza kuzunguka kwenye matenti ati kule kumetulia, wengine wanataka kurudi. Mzungu wa shirika moja akaita mkutano. Kulikuwa na baridi ile ya Kisoro ya kuumiza masikio, mlima Muhabura umejifunika mawingu. Akasema hali ng'ambo ni "volatile".

Sasa hilo neno mimi nililijua vizuri sana, shida ndo hapo. Senior three mwalimu wa kemia alinidondoshea spiriti kwenye kiganja, nikasikia ubaridi, kuangalia hivi hakuna kitu, mkono mkavu. Akasema hiyo ndo volatile, inaruka hewani, na kweli neno lenyewe limetoka kwa kitenzi cha Kilatini cha kuruka. Basi nikashika maiki kwa raha zangu nikasema, "Anasema matatizo ya kule yanapotea hewani, kama petroli ikimwagika."

Makofi! Kuna mama alipiga vigelegele. Mzungu naye anatabasamu, anafikiri wanampenda. Halafu akaendelea, kwa hiyo msivuke kwanza, nami nikatafsiri hivyo hivyo, makofi yakakatika kama redio iliyoishiwa betri. Papa mmoja mwenye koti la mvua akasimama, "Sasa wee kijana, kama vita imepotea, munatukataza kurudia juu ya nini?"

Nilitoka jasho na baridi yote ile. Nikamuuliza mzungu kwa sauti ya chini unamaanisha nini hasa, akasema inaweza kubadilika saa yoyote. Kumbe! Leo ningesema tu hali ni tete kama watangazaji wa redio, ingawa siku ile pengine wangefikiri nimetangaza tetekuwanga. Neno halikuja. Kilichokuja ni maziwa. Nikawaambia, "Wazee wangu, nisameheni, nimekosea mimi. Kule ni kama maziwa jikoni, unayaona yametulia, ukigeuka kidogo yamefurika mpaka motoni." Wamama wakaguna, wakaelewa.

Tangu siku hiyo nalikimbia hilo neno na lenyewe linanifuata. Nikaenda Kampala, dola volatile, bei ya kahawa volatile, bosi wangu mmoja tulimwita hivyo kwa sababu asubuhi anakununulia chai na saa sita anakurushia faili. Fundi wa kompyuta ndo alinifurahisha, akaniambia RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ni volatile maana umeme ukienda vilivyomo vyote vinapotea. Nikamwambia huyo sasa ndo mwalimu wangu wa kemia.

Mkutano ulipoisha nilikuta nyuma ya tenti dada mmoja, mtoto mgongoni, ameshakunja godoro na kulifunga kamba, yeye aliondoka kwenye makofi. Ikabidi nimweleze upya, maziwa na yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaanza kufungua kamba polepole, ananiangalia tu.

Novemba 20 mwaka ule ule Goma, mji mkubwa wa kule Kongo, ikachukuliwa na M23.