Nilivyolifunga gitaa la 1966 shingo mpya bila kuugusa mwili wake

Gitaa langu ni Fender Stratocaster lenye muhuri wa mwaka 1966 kwenye kisigino cha shingo, yaani mwisho wake unaoingia mwilini, na shingo hiyo ilikuwa imekwisha. Ufito wa chuma unaopita ndani yake kuzuia mbao isipinde kwa mvuto wa nyuzi ulikuwa umekatika, na mbao yenyewe ilikuwa imejisokota: ukiitazama kutoka kichwani kuelekea mwilini, upande wa nyuzi nene ulikuwa juu kuliko upande wa nyuzi nyembamba. Ukikaza nyuzi tu, shingo inajikunja mbele na nyuzi zinapaa hadi vidole vinauma. Fundi mzuri anaweza kubandua ubao wa vidole, akatoa ufito uliokatika na kuweka mwingine. Kwa shingo iliyonyooka ningemwachia kazi hiyo. Kwa iliyosokotwa hivi, ningelipa kazi kubwa nibaki na shaka ileile, na mimi nilitaka kulipiga gitaa, si kulitundika ukutani.

Mwanzilishi wa kampuni, Leo Fender, alikwisha kuliona jambo hili. Tangu magitaa yake ya kwanza ya mwili mzima wa mbao, mwaka 1950, shingo haikugundishwa. Ilifungwa kwa skrubu nne zinazopita kwenye bamba la chuma mgongoni, ikiharibika itolewe na iwekwe nyingine. Kwa hiyo kubadilisha shingo si kuliharibu gitaa. Kinachoharibu ni haraka ya watu. Nimeshika miili ya zamani ambayo kiota chake, ile nafasi iliyochongwa kupokea kisigino cha shingo, kimepanuliwa kwa patasi ili shingo fulani iingie, na mashimo mapya yametobolewa ubavuni mwa yale ya kiwandani. Baada ya hapo hakuna shingo nyingine itakayokaa vizuri, hata ile ya asili ikirudishwa. Nikajiwekea sharti moja kabla ya kununua chochote: kinachohitaji kukwanguliwa au kutobolewa kitakuwa ni shingo mpya. Mwili usipoteze hata chembe ya unga.

Sharti hilo linakulazimisha kupima kwanza. Stratocaster ina urefu wa uzi wa milimita 648, kutoka mfupa wa kichwani wenye mifereji ya nyuzi hadi darajani, pale nyuzi zinapokalia mwilini. Kisigino cha kawaida kina upana wa karibu milimita 56 na unene wa 25.4, na kiota kina kina cha karibu 15.9. Nasema karibu kwa sababu magitaa ya zamani yalichongwa na kusuguliwa kwa mikono, tena laka iliyorundikana kwenye kona za kiota inakula nafasi. Pima la kwako kwa kalipa, kile kipimo chenye taya mbili, usiamini jedwali la muuzaji. Angalia pia umbo la mwisho wa kisigino: cha Stratocaster kimeviringwa kidogo, cha Telecaster, gitaa jingine la Fender, kimekatwa mraba, na ukichanganya utabaki na mwanya au shingo isiyofika mwisho. Mwenye Stratocaster ya miaka ya 1970 ahesabu skrubu zake, maana kuanzia 1971 kiwanda kilitumia tatu badala ya nne.

Freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza ubao wa vidole, nazo zina neno. Shingo za zamani zina 21. Zenye 22 zina ulimi wa ubao unaotokeza juu ya bamba la plastiki la mbele, na siku ukitaka kulifungua bamba hilo kurekebisha nyaya, ulimi unakuzuia. Nilichukua ya 21. Kwenye mviringo wa ubao wa vidole ndipo nilipoachana na uasilia. Ubao wa 1966 una nusu kipenyo cha milimita 184, mviringo mkali unaopendeza mkononi ukipiga nyuzi kadhaa pamoja kwa mdundo, lakini ukivuta uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, kwenye freti za mwisho huku nyuzi zikiwa karibu na ubao, sauti inazimika. Nilichagua 241. Daraja la gitaa hili lina kikalio cha kila uzi kinachopandishwa na kushushwa peke yake, kwa hiyo kulifuatisha mviringo mpya ni suala la ufunguo mdogo tu.

Mambo mawili zaidi niliyasisitiza kwa muuzaji. Kwanza, matundu ya vikazio vya nyuzi: vya zamani vinataka tundu la karibu milimita 8.7, shingo nyingi za leo zina 10. Tundu likiwa kubwa zipo bushi za kulipunguza, kwa hiyo si mwisho wa dunia, ila ni bora kupata saizi yake. Pili, na hili ndilo la maana kuliko yote, kisigino kisiwe na tundu hata moja la skrubu. Shingo iliyotobolewa tayari inafuata mpangilio wa mashine ya leo, si wa mwili wangu. Tundu likipotea kwa milimita moja tu, skrubu itaivuta shingo upande, na dawa yake ni kuziba kwa vijiti vya mepo, mbao ngumu ya shingo, na gundi ya mbao kisha kutoboa upya. Kwa nini nianze na kiraka?

Shingo ilipofika niliiacha chumba kimoja na gitaa kwa wiki kadhaa, mbao izoee hewa, ndipo nikaanza kulifungua gitaa.

Kuitoa shingo ya zamani kunahitaji subira kuliko nguvu. Nyuzi za kawaida, za unene wa elfu 10 hadi elfu 46 za inchi, kwa pamoja zinavuta zaidi ya kilo 45, kwa hiyo nililegeza zote kidogo kidogo kwa zamu kabla ya kuzitoa. Miwani ya kinga machoni, maana uzi mkuukuu ukikatika hauchagui pa kupiga. Skrubu za mgongoni nilizifungua kwa bisibisi ya nyota inayojaa vizuri kichwani, kila moja nusu mzunguko kwa zamu. Skrubu zikitoka shingo inaweza bado kung'ang'ania, maana laka ya nitroselulosi hunata ikikaa miongo. Hapo usichokonoe kwa bisibisi. Nililaza mwili kwenye blanketi, nikaishika shingo karibu na kisigino na kuitikisa taratibu kwa kuinua na kushusha, kamwe si kulia na kushoto. Ukuta wa kiota upande wa nyuzi nyembamba ni mwembamba sana, na nyufa nyingi za laka unazoziona kwenye magitaa haya huanzia hapo.

Halafu kuna tepu. Karibu kila anayeeleza kazi hii huanza kwa kubandika tepu mwilini ili kuukinga. Kwa laka mpya ngumu, sawa. Kwa nitroselulosi ya miaka ya 1960, tepu inaweza kuondoka na rangi. Nilitumia vipande vya pamba safi na vibao vilivyovikwa koki, lile gome laini la vizibo vya chupa. Mpira pia niliuweka mbali, kwa kuwa laka hii ikigusana nao kwa muda mrefu huyeyuka na kunata.

Shingo mpya haikuingia mara moja, na ndivyo nilivyotarajia: bora kisigino kinene kuliko chembamba. Nilivaa barakoa, nikafunga msasa namba 320 kwenye kibao kilichonyooka na kukwangua mbavu za kisigino, mipapaso michache, kisha kujaribu, kisha tena. Barakoa si mapambo. Unga wa mepo haumfai binadamu, na wa rozuudi, mbao nyingine ya magitaa, huwasha ngozi na kifua. Nilikuwa natafuta mkao ambao shingo inashuka kwa kusukumwa na kidole gumba na haichezi, lakini karatasi moja bado inapenya ubavuni. Wapo wanaosifu shingo inayobana hadi unaweza kuinua gitaa zima bila skrubu. Kwa gitaa jipya wafanye. Mbao huvimba hewa ikiwa na unyevu, na ukuta ule mwembamba wa zamani ndio utakaotoa nafasi kwa kupasuka.

Kupanga mstari ndiko nilikotumia muda mwingi. Nililaza shingo kiotani, nikaibana kwa kibano chenye vibao laini huku na huku, kibao cha mgongoni kikiwa chembamba ili mashimo manne yabaki wazi. Badala ya nyuzi za gitaa nilitumia nyuzi mbili za kushonea, kutoka kwenye mifereji ya nje ya mfupa hadi kwenye vikalio vya nje vya daraja. Uzi wa chuma unaweza kuichomoa shingo iliyoshikwa na kibano tu. Wa kushonea hauna nguvu hiyo, na unaonyesha mstari vilevile. Ukitazama kutoka juu, mwanya kati ya uzi na ukingo wa ubao kwenye freti ya mwisho unatakiwa ulingane pande zote mbili. Shingo ikielekea upande mmoja hata kwa unywele, uzi wa kwanza utakuwa unateleza nje ya ubao kila ukiutikisa. Urefu nao niliupima: kutoka mfupa hadi freti ya 12 milimita 324, na kutoka hapo kikalio cha uzi wa kwanza kiweze kukaa kwenye 324 na bado kiwe na nafasi ya kurudi nyuma. Nyuzi nene huhitaji kurudi zaidi.

Nilipotosheka, sikutoboa kupitia mwilini. Nilichukua biti yenye ncha katikati, ya unene uleule wa mashimo ya mwili, nikaingiza kwa mgongoni na kuizungusha kwa vidole hadi ncha ikaacha nukta kwenye mepo. Nukta nne, kila moja katikati kabisa ya shimo lake. Shingo ikatoka, na utoboaji ukafanyika mbali na mwili, kwenye drili ya kusimama yenye kizuizi cha kina.

Kina chenyewe ni hesabu ya kutoa, na usiiruke, kwa sababu upande wa pili wa kisigino kuna ubao wa vidole. Mwili una unene wa milimita 44.5, ukitoa kiota cha 15.9 inabaki mbao ya 28.6. Ongeza milimita mbili za bamba. Skrubu ya 45 inaingia kwenye shingo kwa milimita 14 na ushei. Nilitoboa 17, nikabakisha zaidi ya nane kabla ya kufika juu. Biti ilikuwa ya 3.2 kwa skrubu ya unene wa 4.2. Mepo ni ngumu: tundu dogo mno linakata skrubu au kupasua kisigino, kubwa mno halina cha kushika. Nilijaribu kwanza kwenye kipande cha mepo kilichobaki, na ushauri wangu ni kwamba kipande hicho kisikosekane.

Skrubu nilizipaka nta ya mshumaa. Sabuni, ambayo mafundi wengi huipenda, huvuta unyevu na kualika kutu. Nilihakikisha pia zinapita kwenye mashimo ya mwili kwa kusukumwa na kidole. Skrubu inayong'ata mwili na shingo kwa pamoja haiwezi kuvuta kimoja kwenye kingine, na utakaza mpaka kesho mwanya ubaki. Nilifunga kwa mkono, kwa mshazari, nikaacha mkono ulipohisi upinzani wa kweli. Bamba ni lilelile la asili lenye namba yake. Skrubu ni mpya.

Nyuzi zilipowekwa, zilikuwa juu kidogo hata vikalio vya daraja vikiwa chini kabisa. Gitaa lilikuwa na kipande cha karatasi ngumu chini ya shingo ya zamani, jambo la kawaida kwa magitaa haya, na watu husema kinaua sauti. Sijawahi kuisikia tofauti hiyo. Ninachokijali ni kisigino kulala kwenye kitu kizima, kwa hiyo niliweka kabari ya mepo inayojaza sakafu yote ya kiota, ya robo digrii. Inasikika ndogo, na ni theluthi moja tu ya milimita kutoka mwanzo wa kiota hadi mwisho wake, upande mnene ukiwa karibu na daraja. Shingo ikalala nyuma kidogo, nyuzi zikashuka, vikalio vikapata nafasi ya kupanda.

Yaliyobaki ni marekebisho ya kawaida. Shingo hii ufito wake unarekebishwa kichwani, si kwenye kisigino kama wa zamani, kwa hiyo sifungui kitu kila mbao inapojisogeza. Ninaukaza robo mzunguko, nasubiri, napima tena. Nikibana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, nataka mwanya wa robo milimita katikati, karibu na freti ya nane. Kwenye freti ya 17 nyuzi ziko kati ya 1.6 na 2, na uzi wa kwanza ukivutwa hauzimiki tena.

Sauti? Iko kavu zaidi kidogo, hasa kwenye nyuzi za besi, na nimekwisha kuizoea. Shingo ya asili imelazwa kwenye kesi bila mzigo wowote, skrubu zake nne na kile kipande cha karatasi vikiwa kwenye bahasha, pamoja na maandishi ya vipimo vyote, pembe ya kabari na kina cha matundu. Atakayelimiliki baadaye akitaka kulirudisha lilivyokuwa, atahitaji bisibisi peke yake.