Maswali ya NCLEX yanayowaangusha wauguzi wazuri

Muuguzi mwenye miaka kumi wodini anaweza kumjua mgonjwa kwa kumtazama tu, na bado akapoteza alama kwenye NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani. Mara nyingi ugonjwa anaujua, ila hajui swali lililo mbele yake linahesabiwaje. Tangu mtihani ulipobadilishwa tarehe 1 Aprili 2023, kila aina ya swali ina kanuni yake ya alama. Ukiijua kanuni hiyo, unajua wapi ubahatishe na wapi uache. Anzia hapo, kabla hata hujafungua kitabu cha dawa.

Chukua maswali ya "Select all that apply", yaani chagua yote yanayofaa, yanayoogopwa kuliko yote. Zamani ukikosa chaguo moja umekosa swali zima. Sasa kila chaguo sahihi linakupa alama 1, kila lisilo sahihi linakuondolea 1, na jumla haishuki chini ya sifuri. Tuseme machaguo ni sita na sahihi ni matatu. Ukichagua mawili unayoyajua kwa hakika, una alama 2. Ukichagua matatu sahihi na kuongeza la nne kwa wasiwasi, likawa si sahihi, unarudi kwenye 2. Ukichagua yote sita, unaondoka na sifuri. Kwa hiyo chaguo ambalo hakika yako haifiki nusu, liache. Lisome kila chaguo peke yake, kama swali la kweli au si kweli kuhusu mgonjwa huyu, wala usihesabu umeshachagua mangapi. Wanaohesabu huanza kutafuta "la tatu" ambalo halipo.

Swali likikutajia idadi, kwa mfano likisema uchague matatu, kanuni inageuka kabisa. Hapo kosa halikuondolei chochote, na kompyuta haikuruhusu kuzidisha. Kuacha nafasi moja wazi ni kutupa alama, hivyo jaza zote hata kama la mwisho ni la kubahatisha. Soma maelekezo ya swali kwanza, tena polepole. Aina hizi mbili zinafanana sana kwenye skrini, na anayezichanganya hubahatisha pasipofaa kisha anaogopa pasipo na hatari.

Maswali ya kupaka rangi maneno kwenye maelezo ya muuguzi nayo yana adhabu, kwa hiyo usipake sentensi nzima kwa kudhani unajilinda. Yale ya jedwali, ambapo kila mstari una jibu moja, hayana adhabu: kila mstari ni alama yake, usiache hata mmoja. Kuna pia sentensi za kujaza zinazounganisha tatizo na sababu yake. Hizo ndizo kali kuliko zote, kwa kuwa tatizo na sababu lazima ziwe sahihi zote mbili ndipo upate alama. Ukishachagua, isome sentensi yote upya kuanzia mwanzo. Sababu inaweza kuwa ya kweli kitabuni lakini isiwemo kwenye rekodi ya mgonjwa, na ikiwa hivyo si jibu.

Sasa bow-tie, lile swali lenye umbo la tai ya shingoni. Katikati unaweka hali ya mgonjwa, kushoto hatua mbili za kuchukua, kulia vitu viwili vya kufuatilia. Ni alama tano, kila kisanduku alama moja. Mfano: mama ana ujauzito wa wiki 35, amelazwa kwa shinikizo la damu la ujauzito, na dripu ya magnesiamu salfeti inaendelea. Shinikizo ni 148/94. Anapumua mara 10 kwa dakika, goti likigongwa mguu hauruki, na kwa saa mbili zilizopita mkojo ni mililita 20 kwa saa.

Macho ya wengi yanakimbilia 148/94, wanaweka dawa ya kushusha shinikizo, na swali linawaponyoka. Shinikizo hilo ndilo lililomleta hospitali, si jambo jipya. Jambo jipya ni pumzi, goti na mkojo, na vyote vitatu vinasema dawa imezidi mwilini. Magnesiamu hutoka kupitia figo, mkojo ukipungua inarundikana. Kwa hiyo katikati ni sumu ya magnesiamu. Kushoto, simamisha dripu na andaa kalisiamu glukoneti. Kulia, fuatilia upumuaji na mwitikio wa goti. Muuguzi yeyote wa wodi ya wazazi Afrika Mashariki anaijua hali hii vizuri, na ndiyo maana inauma kuona alama hizo zikipotea kwa haraka tu ya macho.

Anza na kisanduku cha katikati hata kama hatua umeshaziona. Ukikosea katikati, hatua na ufuatiliaji hufuata kosa hilo, na alama zote tano zinaweza kwenda. Ukishajaza, jiulize kama vile viwili vya kulia vitakuonyesha kwamba hatua zako zimefanya kazi. Kisichoweza kukujibu hilo, kitoe.

Kila mtahiniwa hupata visa vitatu virefu, kila kimoja na maswali sita yanayofuata mpangilio uleule: kutambua dalili zenye uzito, kuziunganisha, kuamua lipi ni tatizo kuu, kupanga suluhisho, kutenda, kisha kupima matokeo. Ukishaenda mbele huwezi kurudi. Yanayochanganya ni pale taarifa mpya inapotokea kwenye swali la tatu na kukuonyesha kwamba la kwanza ulikosea. Usiling'ang'anie wazo lako la mwanzo ili majibu yako yapatane. Kila swali lina alama zake, kosa la nyuma halikufuati mbele, isipokuwa ukilibeba mwenyewe. Fungua kila kichupo cha rekodi kila mara, hata kama ulishakisoma, kwa sababu matokeo ya maabara yanaweza kuwa yameongezwa.

Maswali ya kugawa kazi yanatutesa sisi tuliosomea Kenya au Tanzania, na sababu yake ni ya heshima: kwetu muuguzi hufanya kila kitu, na ndugu wa mgonjwa husaidia kulisha na kuogesha. Mtihani unataka ugawe. Msaidizi asiye na leseni anaweza kumwogesha mgonjwa aliye imara, kumpima joto na shinikizo, kuandika alichokunywa na alichokojoa. Hawezi kutathmini, kufundisha, wala kuamua. LPN, muuguzi wa ngazi iliyo chini ya RN (muuguzi aliyesajiliwa, yaani wewe kwenye swali), hupewa mgonjwa imara ambaye hali yake inatabirika, na anaweza kurudia mafundisho ambayo RN ameshayaanzisha. Mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji sasa hivi, anayepewa damu, au aliyebadilika ghafla ni wako. Swali likiuliza nani aonwe kwanza, tafuta jambo lisilotarajiwa: maumivu ya kidonda siku ya kwanza baada ya upasuaji yanatarajiwa, mguu uliofungwa plasta kuwa baridi na wa kijivu hautarajiwi.

Vipimo navyo vina mtego. Sukari inaweza kuandikwa kwa miligramu kwa desilita, hivyo gawanya kwa 18 kupata kipimo ulichozoea, milimoli kwa lita: 54 ni sawa na 3.0. Joto linaweza kuwa kwa Fahrenheit, ambapo 100.4 ni 38 zetu za Selsiasi. Adrenalini utaikuta kama epinefrini, salbutamoli kama albuteroli, parasetamoli kama asetaminofeni, petidini kama meperidini. Andika jozi hizi kwenye kadi mpaka zisikusimamishe hata sekunde.

Kwenye hesabu za dozi, hatari kubwa ni ratili, kipimo cha uzito cha Marekani. Mgonjwa ana ratili 176, ameandikiwa heparini uniti 18 kwa kilo kwa saa, na mfuko una uniti 25,000 katika mililita 500. Gawanya 176 kwa 2.2 upate kilo 80. Mara 18 ni uniti 1,440 kwa saa. Mfuko una uniti 50 kila mililita, kwa hiyo ni mililita 28.8 kwa saa. Ukiambiwa ukadirie hadi namba nzima, andika 29, na ukadirie mwisho tu, si katikati ya hesabu. Ukiichukua 176 kama kilo utapata 63, zaidi ya mara mbili ya dozi, na mgonjwa huyo anaweza kuvuja damu. Kikokotoo kipo kwenye skrini. Jizoeze kwa cha kompyuta, si cha simu.

Katika mazoezi, kila kosa liandike kwa aina yake: sikujua, sikusoma maelekezo, nilisahau kubadilisha kipimo, au nilikosea kwa kanuni ya alama. Baada ya wiki mbili utaona kundi moja limejaa kuliko mengine, nalo ndilo la kushughulikia. NCSBN, wanaosimamia mtihani, hutoa maswali ya mfano bure kwenye tovuti ya NCLEX. Yafanye mapema ili siku yenyewe skrini isiwe ngeni.

Muda ni saa 5, mapumziko yakiwa ndani yake, na maswali ni kati ya 85 na 150. Panga kana kwamba utafika 150, yaani dakika 2 kwa swali, na ukitumia 4 kwenye bow-tie, zirudishe kwenye maswali mafupi yanayofuata. Mtihani ukiendelea kupita 85, haujakwambia umefaulu wala umeanguka. Unatafuta hakika zaidi, na swali la 86 lina uzito wake kamili.