Jinsi nilivyoiondoa karatasi ya wahitimu mikononi mwao

Mahafali yanapokaribia, kila mwanafunzi wa chuo chetu hapa Mombasa hana budi kuthibitisha kwamba hadaiwi kitabu na maktaba, karo na uhasibu, wala ufunguo na mabweni. Kwa miaka mingi uthibitisho huo ulikuwa karatasi iliyozungushwa ofisi kwa ofisi kutafutiwa sahihi, na aliyetoka Lamu au Taveta alilazimika kulala mjini kwa gharama yake kwa kuwa tu afisa mmoja alikuwa mkutanoni. Jambo hilo liliniuma, na ingawa mimi ni karani wa ofisi ya msajili ambaye hakusomea uandishi wa programu, niliomba idhini ya kulishughulikia.

Nilitumia AppSheet, jukwaa lililonunuliwa na Google mwaka 2020, ambalo hutengeneza programu ya simu kutokana na jedwali la kawaida na fomula fupi. Kuunda kurasa zake si kazi kubwa. Kazi ni kujua kila ofisi hufanya nini hasa, na kwa hiyo kwanza niliketi na kila anayetia sahihi. Mama mmoja wa uhasibu aliniambia, "Mwanangu, mimi sitii sahihi mpaka nione pesa zimeingia benki, risiti ya mkononi hainitoshi." Sharti hilo halikuandikwa popote katika miongozo yetu.

Mazungumzo hayo ndiyo yaliyoniongoza katika uamuzi ninaouthamini kuliko yote: sikumpa mwanafunzi mstari mmoja wa jedwali, bali mstari mmoja kwa kila ofisi. Katika AppSheet, watu wawili wakihariri mstari uleule kwa pamoja, kinachobaki ni alichohifadhi wa mwisho, kwa hiyo maktaba ingeweza kuufuta uamuzi wa mabweni bila yeyote kutambua. Mistari ikitengana, kila ofisi hujibu la kwake, na jina la aliyeidhinisha hubaki pamoja na saa.

Baadhi ya wenzangu walitaka ombi lisilojibiwa lihesabiwe kuwa limekubaliwa baada ya muda fulani. Nililikataa pendekezo hilo, kwani kimya cha ofisi si ushahidi kwamba deni limelipwa. Badala yake, ombi lililochelewa huenda kwa anayekaimu.

Ilibaki faragha. Deni la mwanafunzi ni siri yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inatuwajibisha. Kuficha taarifa kwenye skrini pekee hakulindi kitu, maana zinakuwa zimekwisha kufika ndani ya simu. Nilitumia vichujio vya usalama, ambavyo huzuia mistari isiyomhusu mtumiaji isitumwe kabisa kwenye kifaa chake.

Mwishowe niliikabidhi programu kwa idara ya TEHAMA, ikiwa chini ya akaunti ya chuo wala si yangu binafsi, pamoja na maelezo ya kila fomula kwa maandishi, ili nikihamishwa karani mwingine aweze kuiendeleza.