Siku moja maishani mwangu: mkuu wa idara ya sayansi

Saa 12:40 asubuhi

Nafundisha kemia shule ya sekondari, na ndimi ninayeongoza idara ya sayansi. Kabla kengele haijalia naanzia maabara. Msimamizi wa maabara ameshanitangulia, anatayarisha asidi hidrokloriki yenye ukolezi wa moli 0.1 kwa lita. Anaimimina asidi kwenye maji taratibu huku akikoroga. Hamimini kamwe maji juu ya asidi kali, maana joto linalotokea linaweza kuichemsha ghafla ikamrukia usoni.

Mikondo yote mitatu inafanya jaribio moja leo, kila mkondo na mwalimu wake, na wote watachota kwenye dumu hili hili. Tulikubaliana hivyo idarani. Mwanafunzi wa mkondo wa mwisho akipata jibu tofauti na mwenzake wa mkondo wa kwanza, tujue tatizo liko kwenye upimaji wake, si kwenye asidi aliyopewa.

Saa 1:15

Mwalimu wa fizikia anaumwa. Azimio lake la kazi, yaani mpango wa mada za muhula, liko kabatini pamoja na andalio la somo la leo, na mwenzake wa mkondo wa pili yuko kwenye mada hiyo hiyo. Anaingia darasani na kuendelea pale walipoishia. Shule nyingi kipindi kama hiki kingegeuka kuwa cha kujisomea, yaani cha kelele. Idara ikifanya kazi, mwanafunzi hana hata habari kwamba kuna pengo lililozibwa.

Saa 2:00

Kipindi changu. Asidi iko kwenye bureti, mrija mrefu wa kioo wenye mistari ya vipimo; besi, inayopoozwa na asidi, iko kwenye chupa ya chini pamoja na kiashiria, rangi inayoonyesha mwisho wa jaribio. Wanafunzi wanadondosha tone moja moja hadi rangi ya njano igeuke ya chungwa. Napita meza hadi meza. Binti mmoja anasoma bureti akiwa amesimama wima, macho yako juu ya usawa wa kimiminika. Namwomba ainame mpaka jicho liwe sambamba na sehemu ya chini ya mbonyeo wa kimiminika. Anasoma tena, namba inabadilika, anaangalia karatasi yake kisha ananitazama. Anafuta, anaandika upya. Ningeweza kulihubiri hilo ubaoni kwa nusu saa lisiingie.

Saa 4:10

Mapumziko. Wavulana wawili wa mikondo tofauti wanakuja na karatasi za jaribio la wiki iliyopita. Mmoja ananionyesha safu ya vipimo: ameandika 23.4 na kukatwa alama katika kila mstari. Mwenzake ameandika 23.4 hiyo hiyo na kupewa alama zote.

"Mwalimu, jibu si ni lile lile?"

Ni lile lile. Hakuja kwa jeuri, na karatasi zote mbili zimesahihishwa na walimu ninaowaheshimu. Nazichukua na kumwahidi jibu kabla hawajaondoka shuleni leo. Mwanafunzi akishaamini kwamba alama inategemea umepangiwa mwalimu gani, huacha kutafuta kosa lake na kuanza kutafuta mwalimu mwepesi. Hilo linaniuma kuliko darasa zima kufeli.

Saa 4:45

Naonana na mkuu wa idara ya hisabati, na ratiba za mada za idara zote mbili ziko mezani. Mimi nimepanga kufundisha kipimo cha pH, namba ya ukali wa asidi inayotokana na logarithimu (hesabu ya vipeo), wiki ijayo, yeye logarithimu kaziweka muhula ujao. Nikiendelea hivyo, wanafunzi watakariri kwamba pH 3 ni kali kuliko pH 4 bila kuelewa kwamba tofauti hiyo ya namba moja maana yake ioni za haidrojeni, chembe zinazoifanya asidi kuwa kali, ni mara 10 zaidi, na kwamba kati ya 3 na 5 ni mara 100. Watadhani ni rula ya kawaida.

Naye ana lake. Anataka kujua biolojia watafika lini kwenye urithi, ili uwezekano uwe umeshafundishwa. Anapenda kutumia hesabu halisi za Mendel, mtafiti wa urithi wa sifa, zilizochapishwa mwaka 1866: mbegu za njegere 5,474 za mviringo kwa 1,850 zenye mikunjo. Ukigawanya unapata 2.96, karibu kabisa na 3 inayotarajiwa. Mwanafunzi anayeona kwenye hisabati kwa nini haikutoka 3 kamili hataletewa mauzauza na uwiano huo akiukuta kwenye biolojia.

Tunakubaliana. Yeye atafundisha mapema vipindi viwili vya logarithimu, mimi nitaichelewesha pH kwa wiki moja.

Saa 6:30 mchana

Chakula, halafu kusaini vitabu vya vifaa.

Saa 8:00

Kikao cha idara. Naweka zile karatasi mbili mezani nikiwa nimefunika majina. Mwalimu aliyekata alama anatetea msimamo wake, na kisayansi yuko sahihi: bureti imegawanywa kila sentimita za ujazo 0.1, jicho linaweza kukadiria nusu ya mgawanyo huo, kwa hiyo tarakimu ya pili baada ya nukta lazima iandikwe, iwe 0 au 5. Ilitakiwa 23.40. Wa pili anasema mtoto amepima vizuri na hesabu yake imetoka, asiadhibiwe mara sita kwa jambo moja.

Tunabishana muda mrefu. Mwisho tunaafikiana: kosa hilo litakatwa alama moja, mara moja tu kwa jedwali zima, na litaingia kwenye mwongozo wa usahihishaji. Karatasi zote za jaribio lile zitapitiwa upya. Na kuanzia jaribio lijalo, kila mwalimu atasahihisha swali moja kwa mikondo yote. Kwangu hilo la mwisho ndilo zito. Anayesoma majibu ya swali moja kutoka kwa wanafunzi wote anaona mahali mada nzima ilipowaponyoka.

Mwalimu wa idara ya lugha naye yupo, nilimwalika. Kwenye swali la kwa nini sukari ya unga huyeyuka upesi kuliko ya mabonge, wengi waliandika "kwa sababu ni ya unga" wakaishia hapo. Wanaijua sababu, ukiwauliza kwa mdomo watakutajia eneo kubwa zaidi linalogusana na maji. Kuiandika hatua kwa hatua ndiko kunakowashinda. Ameomba maswali yetu kumi ayatumie kwenye vipindi vyake vya uandishi, na nimempa kwa furaha.

Saa 9:50

Nawaita wale wavulana na kuwaeleza uamuzi. Aliyekatwa anarudishiwa alama zote isipokuwa moja, na mwenzake anapoteza moja. Huyu wa pili anauliza kwa nini sifuri ile ni muhimu, namwonyesha mistari ya bureti.

Saa 10:30

Narekebisha azimio la kazi, nabandika nakala kwenye ubao wa idara na kumpelekea nyingine mkuu wa hisabati. Kesho logarithimu zinaanza, kipindi cha tatu.