65535 kwa mtumiaji, 1024 kwa huduma

Wiki hii logi moja imenikaa kichwani hadi nimeikariri: OSError: [Errno 24] Too many open files, yaani programu imefungua faili nyingi kuliko inavyoruhusiwa. Seva ni ya mteja, Ubuntu ya kawaida tu, inaendesha huduma ya Python inayopokea taarifa za malipo. Asubuhi huwa nzima. Jioni ikikaribia inaanza kukataa maombi, ukiiwasha upya inatulia, na kesho yake ni yaleyale.

Kijana ninayefanya naye kazi alikuwa ameshaihangaikia kabla sijafika. "Kaka, nimeweka 65535 kwenye limits.conf kwa mtumiaji wa huduma. Nimeingia kwa su, ulimit -n inanipa 65535. Sasa inalalamikia nini?"

Nikamwambia tuachane na sheli (pale pa kuandikia amri, ambapo su humbadilisha mtumiaji na ulimit -n huonyesha kikomo cha faili), tuuulize mchakato wenyewe, yaani programu inayoendeshwa. Tukachukua PID ya huduma, yaani namba ya mchakato wake, na kusoma /proc/PID/limits, panapoonyeshwa vikomo vyake. Mstari wa Max open files ulikuwa na 1024, na pembeni yake 524288. Hiyo 65535 yake haikuwepo popote.

Simlaumu. Faili ya /etc/security/limits.conf inaandikwa kwa majina ya watumiaji, kwa hiyo ni rahisi kuamini kwamba kuna mahali panapojumlishwa faili zote alizofungua mtumiaji fulani. Hapapo. Kerneli, kiini cha mfumo, inahesabu kila mchakato peke yake, na mchakato hurithi kikomo cha mzazi wake. Anayesoma limits.conf ni pam_limits, moduli ndogo ya mfumo, naye huamka mtu anapoingia kwenye mfumo, iwe kwa SSH au kwa su. Huduma iliyoanzishwa na systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za seva) kwa kawaida haipiti mlango huo. Tangu toleo la 240, systemd huipa 1024 kama kikomo laini na 524288 kama kikomo kigumu. Kinachobana ni kile laini. Programu inaweza kujiongezea yenyewe hadi kufikia kile kigumu, bila ruhusa ya root, msimamizi mkuu. Java hufanya hivyo inapoanza. Python haijishughulishi.

(Hiyo 1024 si uchoyo. Kuna wito wa zamani, select(), usioweza kubeba faili yenye namba 1024 au zaidi, na programu inayoutumia ikivuka hapo inaweza kuharibu kumbukumbu yake yenyewe. Ndiyo maana wameiacha.)

Muda huo malipo yalikuwa yanamiminika, kuwasha upya hakukuwezekana. Kuna amri ambayo nashangaa haitajwi sana: prlimit --pid PID --nofile=8192:524288. Inabadilisha kikomo cha mchakato ukiwa kazini, bila kuuzima. Makelele kwenye logi yakakoma palepale. Usiku tukafungua mipangilio ya huduma kwa systemctl edit, tukaweka LimitNOFILE=8192 chini ya [Service], tukawasha upya, tukathibitisha tena kwenye /proc.

Wengi wangefunga kompyuta hapo na kwenda kulala. Mimi ilinisumbua kwamba huduma ndogo namna hii inamaliza faili elfu moja. Tukawa tunachungulia idadi ya faili zilizofunguliwa kwa ls /proc/PID/fd | wc -l kila baada ya muda: inapanda, haishuki, hata maombi yakipungua. Karibu zote zilikuwa soketi, yaani miunganisho ya mtandao, ambayo nayo huhesabiwa kama faili. Amri ya ss -tnp state close-wait ikamaliza ubishi: foleni ndefu ya miunganisho iliyokwenda kwa mfumo mmoja wa nje. Wale wameshafunga upande wao, sisi bado tumeishikilia. Kwenye msimbo, kila ombi lilikuwa linafungua kikao kipya cha HTTP na kukihifadhi kwenye orodha ambayo hakuna aliyekuwa akiisafisha. Tukabakiza kikao kimoja kinachotumiwa na maombi yote, na ile hesabu ikaacha kupanda.

Mteja aliposikia kwamba kikomo kinaweza kuongezwa alitaka tuweke namba kubwa kuliko zote, tatizo lisirudi. Nimekataa. Soketi zikianza kuvuja tena, 524288 itanyamaza kwa wiki nyingi kabla hatujajua, wakati 8192 itapiga kelele mapema. Tumekubaliana ibaki hivyo, na kijana ameweka tahadhari itakayotuma ujumbe mara faili zilizofunguliwa zikivuka 2000.