Barua Sita za LC

Desemba ya 2002 nilikuwa katibu wa timu ya mtaa wetu pale Busia, upande wa Uganda. Ukatibu wenyewe ulikuwa daftari moja, kalamu, na ufunguo wa sanduku la jezi. Jezi zilikuwa kumi na tatu. Ya kumi na nne iliibwa kwenye kamba ya kuanikia. Mwizi tulimjua, ila ndiye alikuwa kipa wetu.

Kila Krismasi vijiji vilishindania mbuzi, na hakuna aliyejali nani anatoka wapi. Mwaka ule mfanyabiashara mmoja wa mahindi akatoa fahali. Fahali akaja na sheria: kila mchezaji awe mkazi wa kijiji anachochezea, na ukazi huo uthibitishwe kwa barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Vitambulisho vya taifa hatukuwa navyo siku hizo. Muhuri wa LC ndio uliosema wewe ni mtu wa wapi.

Aliyeitetea sana sheria ile kwenye kikao alikuwa padri mzee kutoka Ayalandi. Alitueleza kwamba kwao kuna mpira wa Kigaeli, unaodakwa kwa mikono na kupigwa teke, watu kumi na tano kila upande. Mtu huchezea klabu ya parokia yake, na akiwa hodari huchezea kaunti yake, hadi fainali ya Croke Park, Dublin, mbele ya watu wapatao elfu themanini. Halipwi mshahara. Jumatatu mfungaji wa bao yuko darasani anafundisha, au zizini anakamua. Padri akamaliza kwa Kiswahili chake kizuri: "Ukimpigia makofi, unampigia mtoto wa jirani." Sote tukatikisa vichwa kukubali. Mimi nilitikisa changu huku nikihesabu moyoni ni nani tutawaita kutoka Jinja.

Sasa, tulikuwa na beki wa kushoto ambaye nitamwita Namba Tatu, maana hata mtaani ndilo lilikuwa jina lake. Mwembamba, miguu kama fimbo za kuchungia, na sikumbuki winga aliyempita mara mbili. Aliendesha bodaboda ya baisikeli, kazi ambayo jina lake lilizaliwa pale pale mpakani, vijana walipokuwa wakivusha abiria kutoka geti hadi geti. Mama yake aliuza mukene sokoni kwetu tangu sisi wadogo. Upande wetu samaki yule ni mukene, ukivuka geti anaitwa omena. Bei inabadilika, samaki ni yule yule. Lakini chumba walichopanga kilikuwa ng'ambo, Busia ya Kenya, kwa sababu kodi ilikuwa nafuu. Jumanne na Alhamisi alivuka kuja mazoezini, mvua inyeshe isinyeshe.

Mwenyekiti akakataa kumwandikia. "Huyo analala Kenya."

Ningeweza kumjibu. Ningemwambia kwamba hadi 1902 nchi yote ile, Kisumu ikiwemo, ilihesabiwa kuwa Uganda, kisha Waingereza wakausogeza mstari, Wasamia wakajikuta nusu huku nusu kule, na makaburi ya babu zao pande zote mbili. Wala sikubisha. Namba Tatu akiachwa, nafasi moja inapatikana, na kocha alikwisha nipa majina sita.

Walikuwa mamluki, tusipambe neno. Sita kutoka Jinja, wachezaji wa ligi, kila mmoja elfu kumi, nauli ya taksi, na chapati na maharage. Pesa tulizichanga nyumba kwa nyumba, na bibi mmoja asiyekuwa na pesa akatoa mayai manne. Barua niliziandika mimi mwenyewe usiku, kwenye mwanga wa taa ya chemli, nikiwabunia nyumba na baba. Mwenyekiti akazigonga muhuri moja baada ya nyingine bila kuinua macho, nami nikamwachia kitu kidogo cha kununulia wino.

Fainali ilichezwa tarehe 26 kwenye uwanja wa shule ya msingi. Siwezi kuwanyima haki yao: vijana wale walicheza mpira mtamu. Dakika ya ishirini jezi tisa akawalamba chenga mabeki wawili, akafunga. Kwetu bao lilikuwa na adabu zake. Jina la mfungaji linaimbwa, mama yake ananyanyuliwa juu, mjomba wake anaingia uwanjani mbio na mwavuli. Siku hiyo watu waliruka, kisha wakatazamana. Wapi mama wa kunyanyuliwa? Mtu mmoja akajaribu, "Jezi tisa! Jezi tisa!" akachoka.

Bibi wa mayai akanivuta shati. "Mwanangu, huyu mtoto wa nani?"

"Wa kule juu, bibi."

"Juu wapi?"

Nikajifanya naandika.

Mapumziko tulikuwa tunaongoza mawili bila, wapinzani wakakata rufaa. Kamati ikakaa chini ya mwembe, ikazipitisha barua mkono kwa mkono. Mzee mmoja akasema mihuri ni mizuri na hana shaka nayo, ila anaomba kuwauliza vijana swali moja tu, kila mmoja peke yake. Ukitokea msikitini, kisima cha mtaa wenu kiko upande gani?

Wa kwanza akaonyesha barabara ya Tororo. Wa pili akaonyesha Kenya. Wa tatu akasema kwao wanatumia bomba la ndani, na mtaa mzima haukuwa na nyumba yenye bomba. Wa nne, mjanja, akasema kimekauka. Wa tano akauliza, "Msikiti upi?" Jezi tisa hakujibu lolote. Alicheka, akainama, akaanza kufungua kamba za njumu zake.

Uwanja mzima ulicheka hadi watu wakashikana mabega. Mzee akazikusanya barua zake polepole. "Na mwandiko ni mmoja," akasema, macho yake yakitua kwenye daftari lililokuwa kwapani mwangu.

Tukaondolewa. Fahali akaenda zake na utepe mwekundu pembeni, na hata mbuzi wa mshindi wa pili hatukumpata. Tena wale waliomchukua fahali walikuwa na vijana wawili niliowajua vizuri, wa Tororo mjini. Tofauti yao na wetu ni kwamba wao walionyeshwa mapema kilipo kisima.

Sijawahi kuipinga sheria yenyewe. Padri alisema kweli, na bao lisilo na mama wa kunyanyuliwa nimeliona kwa macho yangu. Lakini mwaka 2018 FUFA, shirikisho la mpira la Uganda, ilipoanzisha mashindano ya Drum, mikoa ikichezewa na watu wenye asili yake, nilimkumbuka tena Namba Tatu: kitanda Kenya, riziki Uganda, ukoo pande zote. Bukedi, mkoa wetu, wangemwandika kwa lipi? Kinachonikera ni kwamba jibu nilikuwa nalo tangu mwanzo. Lilikuwa kwenye daftari langu, ukurasa wa mahudhurio ya mazoezi, tiki mbele ya jina lake wiki baada ya wiki. Mwenye kuweka tiki nilikuwa mimi.

Jioni ile kila mtu alitoweka. Nilitoka getini mwa shule na sanduku la jezi kichwani, nikamkuta Namba Tatu amekaa kwenye baisikeli yake, mguu mmoja chini. Mechi aliitazama yote kutokea pale.

"Panda."

Nikapanda, sanduku mapajani. Akaendesha bila neno, akikwepa mashimo kama kawaida yake ili nisirushwe. Kwa miaka yote tuliyojuana alinibeba mara zisizohesabika, na siku zote aliniita kaka. Tulipofika mlangoni kwetu akasimama, hakugeuka.

"Mia mbili, katibu."

Nikampa sarafu ya mia tano. Akanihesabia chenji, mia moja, mia mbili, mia tatu, akageuza baisikeli kuelekea mpakani.